Nguzo ya Nelson Inasomwa Kuanzia Chini

Wageni wangu wanaotoka nyumbani wakifika Trafalgar Square, London, hupiga picha na sanamu za simba, na wakirudi Unguja huonyesha simba. Mwenye nguzo haonekani. Admirali Horatio Nelson amesimama kileleni, na ukipima kuanzia chini mpaka kwenye kofia yake unapata mita 51.6, kwa hiyo ukimwelekezea simu unachoambulia ni kitu cheusi chembamba kilichochoma mawingu. Nimewaona watu wakirudi kinyumenyume kumtafuta mpaka wanakaribia kugongwa na baiskeli, kisha wanakata tamaa, wanarudi kwa simba. Siwalaumu. Shujaa mkubwa wa bahari wa Waingereza amepandishwa mahali ambapo jicho la mtu halimfikii, na kwa miaka niliyopita pale nimeamini kwamba kumtafuta juu ni kujichosha shingo bure. Mambo yako chini.

Uwanja ule niliujua kwa sababu ya basi. Nilipofika London nilibeba boksi kama wengine, na kazi niliyodumu nayo ilikuwa ya usafi wa ofisi za serikali mtaa wa Whitehall, zamu ya usiku. Mabasi mengi ya usiku hupita Trafalgar Square, kwa hiyo ukimaliza zamu ndipo unaposubiri. Mchana pale ni vurugu tupu. Alfajiri mnabaki nyinyi wenye mifuko ya plastiki na macho mekundu, wafagiaji wa barabara, na walevi wawili watatu wanaoimba. Majira ya baridi huwezi kuketi, maana jiwe lile linakunyonya joto lote la mwili. Nilikuwa naizunguka nguzo ili miguu isinife ganzi, na katika kuizunguka nikaanza kuzisoma picha za shaba zilizo kwenye msingi.

Picha ziko nne, moja kila upande, na zilimiminwa kwa shaba ya mizinga iliyotekwa kwa Wafaransa. Upande wa magharibi ni vita vya Cape St Vincent vya 1797. Kaskazini ni vita vya Nile vya 1798, ambako Nelson anaonekana akiwa na jeraha la kichwa. Mashariki ni Copenhagen, 1801. Kusini, upande unaotazama Whitehall nilikokuwa nikitoka na ndoo yangu, ni kifo chake katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805.

Kwa asiyemjua: huyu alikuwa mtoto wa mchungaji wa kanisa la kijijini Norfolk, akaingia baharini bado mtoto, akapoteza nuru ya jicho la kulia kule Corsica mwaka 1794, akapoteza mkono wa kulia Tenerife mwaka 1797, na bado akaendelea kuongoza manowari kwa miaka minane mingine. Siku ya Trafalgar alivunja kanuni ya kupanga meli msitari kwa msitari na adui. Akazipeleka kwa safu mbili zikaingia katikati ya meli za Wafaransa na Wahispania kama kisu kwenye boga. Alishinda, na siku hiyohiyo akapigwa risasi akiwa sitahani kwa mtu aliyekuwa juu ya milingoti ya meli ya Kifaransa, Redoutable. Maiti yake ilirudishwa nyumbani ndani ya pipa la brandi isiharibike njiani. Akazikwa kanisa la St Paul's Januari 1806.

Basi, picha ya kusini. Nelson amebebwa, uso umelegea, maofisa wamemzunguka. Hayo utayaona mara moja kwa sababu ndivyo picha ilivyokusudiwa kuonwa. Lakini mimi nilikuwa na muda mwingi wa kupoteza na taa ya barabarani ilikuwa inapiga upande wa kushoto, na upande wa kushoto yuko mtu mweusi. Hakupiga magoti, hakubeba trei. Ameshika bunduki, ameinua uso kumtafuta adui wakati wenzake wamemwinamia admirali. Mchongaji John Edward Carew hakumtia pale kwa kupendezesha. Manowari za Uingereza wakati ule ziliajiri mabaharia weusi, wengine waliozaliwa Afrika, wengine Karibiani na Amerika, na meli ya Nelson, Victory, ilikuwa na watu wa mataifa mengi.

Usiku ule nilipomwona sikuwa na mtu wa kumwambia. Kesho yake kazini nilimwambia mwenzangu wa zamu, mama wa Kibarbados aliyekuwa Whitehall kabla mimi sijazaliwa, ndivyo alivyopenda kusema. Akanijibu bila kuacha kukamua tambara: "Yuko hapo siku zote. Nyinyi wageni mnatazama juu."

Kutokana naye nilijifunza kwamba London haikuwa ya kwanza. Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, ilikuwa na sanamu ya Nelson tangu 1813, miaka 30 kabla nguzo ya London haijasimama, kwenye uwanja ulioitwa nao Trafalgar. Waliochanga walikuwa wenye mashamba na wafanyabiashara, ambao manowari za Nelson ziliwalindia njia ya sukari. Naye alikuwa mtu wao. Nelson alitumikia visiwa vile vya Karibiani katika miaka ya 1780, akaoa kisiwani Nevis mjane wa ukoo wa wenye mashamba, na mwaka 1805, miezi michache kabla hajafa, alimwandikia tajiri mmoja wa Jamaika barua ya kuwalaani Wilberforce na wenzake waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Mama yule alikuwa akiyajua hayo kabla ya wasomi wa magazeti kuanza kubishana. Uwanja wao ulibadilishwa jina mwaka 1999 ukaitwa wa Mashujaa wa Taifa, na Nelson akaendelea kusimama katikati yao kama mgeni aliyesahau kuaga, mpaka Novemba 2020 alipoteremshwa kwa winchi. Mama yule alikuwa ameshastaafu. Nilimpigia simu nikitegemea atashangilia. Akasema tu kwamba walimshusha polepole, kwa heshima, na kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Dublin hawakuwa na subira hiyo. Nguzo ya Nelson ya kule ilijengwa mapema zaidi, 1809, na Machi 1966 ililipuliwa kwa bomu usiku.

Sasa nimwingize ami yangu, kwa sababu bila yeye ningebaki na elimu ya vibao tu. Ami ni mtu wa Malindi, Mji Mkongwe. Ujana wake wote ulikuwa kwenye majahazi, kwanza mtoto wa kutupa maji ya ngama, baadaye serahangi, mwisho nahodha, kati ya Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu. Alikuja London kwenye harusi ya bintiye, na katika sanduku lake, pamoja na halua na karafuu, alitia darubini yake ya baharini. Nikamwuliza ya nini. Akasema: "Mwanangu, mtu haendi ugenini bila jicho."

Ndiye mgeni wangu pekee aliyewahi kumwona Nelson. Alisimama upande wa kusini, mwanzo wa mtaa wa Whitehall, akarekebisha darubini taratibu, watoto wa shule wakamzunguka wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Mkono wa kulia hana kweli," akasema. "Mkono wa koti umebandikwa kifuani. Na jicho halikufunikwa. Si mlisema chongo?"

Nikamweleza kwamba jicho lilibaki mahali pake, lilipotea nuru tu, na kile kitambaa cheusi cha michoro ya watoto hakuwahi kukivaa.

"Anatazama wapi?"

"Kusini. Whitehall. Kule zilikokuwa ofisi za Admiralty, wakubwa wa manowari."

Ami aliiteremsha darubini. "Baharia mzima, umempandisha juu ya mlingoti wa jiwe, halafu anatazama ofisi? Basi anangoja mshahara."

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Lakini kuna ukweli ndani yake, na nilipokuja kusoma historia ya ujenzi wake nikaona ami hakukosea sana. Nelson alikufa 1805, na kamati ya kumjengea mnara ilikusanyika 1838, zaidi ya miaka 30 baadaye, wakati ambapo wanaomkumbuka sitahani walikuwa wazee. Walipitisha bakuli la michango kwa umma. Fedha hazikutosha. Hata mfalme wa Urusi, Tsar Nicholas wa Kwanza, alichangia, na bado ikabidi serikali iingilie. Nguzo iliyobuniwa na William Railton ilianza kupanda 1840, na sanamu ya Edward Hodges Baily ikawekwa juu Novemba 1843. Picha za shaba zilikuja baadaye. Simba wanne wa Edwin Landseer, hao wanaopigwa picha na wageni wangu, walifika 1867. Yaani admirali alikaa juu pale karibu robo karne bila simba, na Waingereza wakifanyiana mzaha magazetini kuhusu mnara usioisha. Mtu akiniambia sisi peke yetu ndio tunaozindua mradi kwa ngoma na kuumaliza kwa aibu, humpeleka pale.

Kuna habari ndogo ninayoipenda kuliko zote. Kabla sanamu haijapandishwa, mafundi 14 wa mawe walikwea mpaka kileleni wakala chakula chao hapo, kwenye meza ya jiwe ambayo baadaye ingekuwa ya Nelson. Mimi niliyesafisha meza za mawaziri nikiwa peke yangu saa nane za usiku nawaelewa watu wale barabara.

Ami alipoizunguka picha ya kusini alimwona yule baharia mweusi bila kuonyeshwa. Akasimama naye muda mrefu. Kisha akaanza kusema habari za bibi yake, jambo ambalo halikunishangaza, maana manowari za Kiingereza sisi watu wa Unguja tunazo hadithi yake.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Seyyid Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme akajitangaza. Waingereza hawakumtaka. Wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Bandarini zilikuwapo manowari tano, St George, Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow, chini ya Admirali Harry Rawson. Saa tatu ilipopita zikaanza kupiga. Haikutimia saa moja. Wengi husema dakika 38, wengine 45, na vitabu vya mashindano ya maajabu vinaiandika kuwa vita vifupi kuliko vyote duniani, kana kwamba ufupi wake ni kichekesho. Upande wetu waliouawa na kujeruhiwa walikuwa 500 hivi. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Bibi yake ami alikuwa mtoto. Kumbukumbu yake haikuwa ya mizinga bali ya mama yake kukunja mkeka, kuuweka kichwani na kukimbilia Ng'ambo, kama kwamba katika vitu vyote vya nyumbani mkeka ndio utakaohitajika. Na alikumbuka milingoti.

Hapo panataka maelezo. Sultani Seyyid Barghash, babake Khalid, baada ya tufani ya 1872 kumharibia meli zake, aliagiza kwa wajenzi wa Uskoti meli iliyoigwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Glasgow, nayo akaipa jina hilohilo. Ilifika 1878. Ilikuwa meli ya fahari kuliko ya vita, na asubuhi ile ya 1896 ndiyo meli iliyothubutu kuwafyatulia St George. Wakaizamisha palepale bandarini. Maji hayakuwa na kina kirefu, kwa hiyo mwili ulikaa chini na milingoti mitatu ikabaki imechomoza juu ya maji. Ikakaa hivyo mpaka 1912, ilipoondolewa. Miaka kumi na sita. Kila jahazi lililoingia Unguja na kaskazi lilipita kando yake, kila mtoto aliyekwenda kuoga pwani aliiona. "Sisi pia tulikuwa na nguzo," ami alisema akiwa ameweka kiganja kwenye jiwe la Trafalgar Square, "ila yetu hakuna aliyechangishwa fedha."

Sikuwa nimewahi kuiwaza hivyo. Na nikaona kwamba mimi, mtoto wa Unguja, nilijua tarehe ya Trafalgar kabla sijaijua tarehe ya Glasgow kuzama. Majina ya wale 500 sijayakuta yamechongwa mahali. La admirali aliyewapiga liko vitabuni.

Uzi kati ya Nelson na sisi si wa kulazimisha. Napoleon alipoivamia Misri katikati ya 1798 na Nelson akazichoma meli zake ghuba ya Abukir tarehe 1 Agosti, ndivyo vile vita vya Nile, Waingereza waliingiwa na hofu ya njia ya India, na Oktoba mwaka uleule wakafunga mkataba Maskati na Sultani bin Ahmad kwamba asiwape Wafaransa nafasi. Huyo ni babake Seyyid Said, aliyekuja kuhamishia makao yake Unguja. Baada ya Trafalgar hapakubaki taifa la kuwapinga Waingereza baharini kwa karibu karne nzima, na sultani mwenye akili alijua hivyo. Mwaka 1836 Seyyid Said alimpa mfalme William wa Nne zawadi: manowari nzima, Liverpool, iliyojengwa Bombay, ya mizinga zaidi ya 70. Waingereza wakaiita Imaum. Hakuna zawadi ya namna hiyo siku hizi, labda ndege.

Nimemtaja William wa Nne kwa makusudi, kwa sababu bado yuko pale uwanjani. Au tuseme, hayuko. Kwenye pembe nne za Trafalgar Square kuna vibao vikubwa vya jiwe vya kuwekea sanamu. Kile cha kaskazini-magharibi kilijengwa 1841 kwa ajili yake, apande farasi. Fedha zikaisha. Mfalme aliyepewa manowari na sultani wetu akakosa farasi wa shaba, na jiwe lake likakaa tupu kwa zaidi ya miaka 150. Tangu 1999 huwekwa hapo kazi za wasanii wa leo, kwa zamu, na kwangu mimi hicho ndicho kipande bora cha uwanja mzima, kwa sababu ni mahali pekee ambapo jiwe linakubali kubishana na jiwe.

Mwaka 2010 palikuwa na chupa. Msanii Yinka Shonibare, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, alitengeneza Victory ya Nelson ndogo, kwa kipimo cha moja kwa 30, akaitia ndani ya chupa kubwa yenye kizibo na lakiri, na matanga yake yote 37 yalikuwa ya vitenge. Mwanamke yeyote wa kwetu akiona alijua papo hapo anatazama nini, na wakati huohuo alikuwa amedanganywa kidogo, kwa sababu hivyo vitenge tunavyoviita vya Kiafrika vilianza kwa Waholanzi kuiga batiki za Indonesia, na soko likaja kuwa Afrika Magharibi. Meli ya Nelson ndiyo iliyofungua bahari kwa biashara za namna hiyo. Msanii hakuandika hata neno moja la kulalamika. Alishona matanga.

Halafu, kuanzia 2022 mpaka 2024, akasimama John Chilembwe. Samson Kambalu, mzaliwa wa Malawi, alichonga mchungaji huyu wa Nyasaland, Malawi ya leo, kutokana na picha ya 1914, akiwa amevaa kofia karibu na mmisionari wa Kizungu, katika nchi ambako Mwafrika alitakiwa kuivua mbele ya mzungu. Chilembwe alifanywa mkubwa mno, mita tano, na mzungu mwenzake saizi ya kawaida. Mwaka 1915 aliongoza uasi akauawa. Mojawapo ya mambo yaliyomkera ni vijana wa Nyasaland kupelekwa kufia vita visivyowahusu, vita dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika, ambavyo sisi huku tunavikumbuka kwa njaa na kwa wapagazi. Nilikwenda kumtazama siku yangu ya mapumziko, mchana, kama mgeni. Nelson nyuma yangu juu huko na kofia yake, Chilembwe mbele yangu na ya kwake.

Alinikumbusha Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ile ya Posta iliyosimamishwa 1927, ambayo nimepita chini yake mara nyingi nikikimbilia boti ya Unguja. Pale yule askari mwenyewe yuko urefu ambao macho yanamfikia, bunduki na singe mbele, kaelekea bandarini. Hana jina. Kabla yake, mahali pale tangu 1909 alikuwapo gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, amesimama juu na askari mweusi amewekwa chini yake akimtazama. Waingereza walimng'oa, wakampeleka London, akaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, na huko wanafunzi wakamwangusha mwaka 1967, wakarudia 1968. Jiwe halisafiri, lakini shaba husafiri sana.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama ningependa Nelson aangushwe huwa nasita. Kwa Barbados walifanya vizuri. Kile hakikuwa kiwanja chake. London ni kwake, na watu wana haki ya kumwinua aliyewapigania. Ninachokataa ni kuambiwa nimtazame kwa pembe moja. Niruhusiwe kuzunguka.

Siku ya mwisho kabla ami hajarudi nilimpeleka Greenwich kwa boti ya mtoni, akakaa mbele kabisa na darubini yake akikosoa jinsi nahodha anavyoikata mikondo. Ile chupa ya Shonibare iko kule sasa, nje ya makumbusho ya bahari, baada ya umma kuchanga mwaka 2012 ili isiuzwe ikapotea. Ami aliikagua kwa muda. Akaridhika na foromali za matanga, akaridhika na namna kamba za jarari zilivyopita, akasema matanga hayo yangefaa zaidi arusini kuliko baharini, maana kitenge kikilowa kinavuta maji.

Ndani ya makumbusho kuna koti. Ni koti lenyewe alilovaa Nelson siku ya Trafalgar, bluu, lenye nyota za nishani zilizotariziwa kifuani, na kwenye bega la kushoto pana tundu la risasi. Ni koti dogo. Baada ya kumtazama mtu kwa mita 51 unategemea jitu. Kumbe alikuwa na mabega ya mvulana.

Ami aliweka pua karibu na kioo. "Kavaa nyota zote hizi sitahani? Mchana kweupe?"

"Ndiyo. Wanasema zilimtambulisha."

"Nahodha hapandi sitahani na nguo za Idi," akasema, kwa hasira kabisa, kama mtu anayemgombeza kijana wake aliye hai. Kisha akataka nimwulize mhudumu wa chumba kile swali. Nikamtafsiria: nguo za yule aliyekuwa ameshika usukani siku hiyo ziko wapi?

Mhudumu, kijana mpole mwenye lafudhi ya mashariki ya London, alifikiri kidogo. Akasema nguo za mabaharia wa kawaida ni nadra sana kupatikana, kwa sababu zilivaliwa mpaka zikaisha.

Nilimpa ami jibu. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hilo linaeleweka, akasema koti zuri, na akauliza choo kiko upande gani.